Kifaru changu cha kwanza kimetoka kama jahazi lililozama. Nimekosea wapi?

Mpya wa Majengo

Assalaam aleikum ndugu zangu, na nyote wengine hamjambo.

Mie mgeni wa mambo haya. Nakaa Majengo, Mombasa, mchana nauza duka, usiku nilikuwa sina kazi ila simu. Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Dubai akaniletea sanduku la Tamiya, kampuni ya modeli za plastiki za kuunganisha mwenyewe: Panzer II, kifaru cha vita cha Wajerumani, ile ya Afrika Kaskazini, kipimo cha 1/35, yaani kimepunguzwa mara 35. Kifaru chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 4.8 hivi, kwa hiyo changu kimetoka karibu sentimita 14. Kinatulia kiganjani.

Kukijenga nimechukua wiki tatu. Gundi ya modeli sikuwa nayo, nikatumia ile ya mabomba ya maji. Msicheke. Mzinga uliyeyuka mbele ya macho yangu, ukainama kama mshumaa wa juzi. Nikaunyoosha kwa kijiti cha meno nikaukaza kwa supagluu. Rangi nikapiga ya kopo, ya magari, rangi ya mchanga. Nikaona kimependeza lakini kipya mno. Nikaingia YouTube nikaona watu wanavichakaza vifaru vyao, basi nami nikachakaza. Kutu nimetia kila pahali: kwenye bodi, kichwani kunakokaa mzinga, kwenye magurudumu, kwenye mzinga. Kahawia, chungwa, kahawia tena. Kisha nikapitisha rangi ya fedha kwenye kingo zote kwa brashi kavu, na vanishi juu.

Mdogo wangu akakitazama akaniuliza, "Hiki umekiokota Kilindini?"

Picha hizo hapo chini. Nimekosea wapi, na je, kinaokoleka?

Kejeli Tupu

Hicho si kifaru, ni feri iliyokosa abiria.

Fundi wa Msasa

Waaleikum salaam, karibu kijana. Huyo wa juu usimjali, yeye hajawahi kubandika hata stika ya mlango.

Nimeikuza picha ya pili. Magurudumu yako matano ya kila upande yote yamegusa chini, hakuna linaloning'inia, na hilo huwashinda wengi kwa miaka. Tatizo lako la kwanza ni gundi. Gundi ya mabomba imetengenezwa kuyeyusha PVC nene. Plastiki ya modeli ni polistaireni, nyembamba, na gundi ile haina huruma nayo. Gundi ya modeli pia huyeyusha, lakini kwa adabu: unakutanisha vipande viwili vikavu, unagusisha brashi kwenye ufa, gundi inajivuta yenyewe ndani, na kingo mbili zinakuwa kitu kimoja. Ikitoka shanga ndogo ya plastiki ufani, usiipanguse. Iache mpaka kesho uikwangue kwa kisu, utakuta ufa umejiziba. Supagluu iwe ya vipande vya chuma na vya resini.

Mabaki ya fremu, zile za plastiki zilizoshika vipande sandukuni, usitupe. Yakatekate, uyatie ndani ya kichupa chenye gundi kidogo, kesho yake utakuta uji. Huo ndio fila yako, ya kuzibia nyufa, na ni mzuri kuliko wa kununua kwa sababu ni plastiki ileile, unapigika msasa sawa na bodi. Fremu hiyohiyo ukiipasha juu ya mshumaa, si ndani ya moto, ikilegea ukaivuta polepole, unapata uzi wa antena.

Mzinga ulioinama ukate, usiuhurumie. Panzer II ilikuwa na mzinga wa milimita 20 tu. Ukigawa kwa 35 tundu lake ni kama nusu milimita. Nenda duka la dawa ununue sindano mpya nene kidogo, ukate ncha kwa tupa, uipige msasa. Utapata bomba la chuma lililonyooka, lina tundu tayari, na bei ni ya kikombe cha kahawa.

Kutu nawaachia wengine. Nikianza hapo sitalala.

Tanga Reli

Nami nitaongeza upande wa historia, mkuu, maana ndiyo inayokuambia pa kupaka.

Wanajeshi wa Rommel, jenerali wa Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, walianza kushuka Tripoli Februari 1941. Vifaru vyao vilitoka Ulaya na rangi ya kijivu kizito. Rangi ya mchanga ilipakwa baadaye juu ya kile kijivu. Kwa hiyo rangi ilipochubuka Libya, kilichochungulia kwanza kilikuwa kijivu. Ili ufike kwenye chuma chenyewe, lazima pawe pamesuguliwa kweli, na hata hapo, ndani ya jangwa kavu, kutu haiendi mbio.

Wewe umepaka hewa ya Mombasa. Sisi wa pwani tumezaliwa tukiona kitasa cha mlango kinaoza, bawaba zinalia, baiskeli ya mwaka jana imekuwa kahawia. Nami wa Tanga nilifanya kosa hilohilo kwenye Sherman yangu, kifaru cha Kimarekani walichopigania Waingereza. Nikaitia kutu ya bandarini, halafu nikaandika chini yake El Alamein, yale mapigano ya Misri, Oktoba 1942. Sherman zile zilikuwa mpya kabisa, ndiyo mara yake ya kwanza kuingia vitani! Rafiki yangu aliitazama akasema, kumbe Waingereza walishinda kwa vyuma chakavu.

Mpya wa Majengo

Subhanallah. Sikujua kabisa habari ya kijivu. Sasa kama si kutu, nitie nini? Nikikiacha safi kinakuwa kama mchezo wa mtoto.

Kejeli Tupu

Friji langu la Likoni nalo ni la vita gani?

Utingo wa Zamani

Samahanini wenyewe. Mie si mtu wa modeli, nimevutwa na neno kutu. Nimekaa kwenye malori miaka kumi na moja, Mombasa hadi Malaba, na kazi ya kuosha ni ya utingo. Uchafu wa gari naujua kama sura ya mamangu.

Kijana, gari halichafuki sawasawa. Lori likishuka kutoka Voi, likapita diversheni ya maramu, simama Mariakani ulitazame. Nyuma ndiko kuchafu kuliko mbele, kwa sababu gari likikimbia linalivuta vumbi lake lenyewe, linajirudia mgongoni. Juu ya matairi utaona upinde. Chini kabisa kumeganda kwa tabaka, la leo juu ya la juzi. Lakini mlangoni, pale dereva anaposhika, hapana vumbi hata kidogo, pamesuguka mpaka rangi inang'aa. Kidato cha kupandia vilevile, kimebaki chuma kitupu katikati na vumbi pembeni, kwa sababu kiatu hakifiki kwenye pembe.

Halafu tangi. Pale mdomoni pa kutilia mafuta pana doa jeusi linaloshuka. Kila wakitia, kidogo kinamwagika, kinateremka, vumbi linakuja kuganda juu yake, kesho kinamwagika kingine. Doa hilo halina ukingo mkali juu, ila chini linaishia kwa ncha. Na mvua ikikupata Mtito, lile vumbi jekundu linashuka kwa michirizi. Chini ya kila bolti utaona chozi lake. Ukifika Changamwe unakuta vumbi jingine, jeupe, la saruji, linakaa juu ya lile jekundu. Mtu anayejua akilitazama lori anakuambia limetoka wapi na lilipita lini.

Sasa hicho kifaru chako kina watu wangapi ndani? Wanapandia wapi? Wanashika wapi wakipanda? Mafuta wanatia wapi? Nijibu hayo, nami nitakuonyesha pa kuchafua. Rangi siijui.

Fundi wa Msasa

Utingo, karibu sana ndugu yangu. Mie modeli ninazo miaka mingi na sijapata kuelezwa hivi. Nimeisoma hiyo ya kidato mara tatu.

Jibu: watu watatu. Dereva mbele, kamanda kichwani, mwenzao wa redio ndani. Kamanda anapandia kwenye bao la juu ya mnyororo, anashika kichwa, anaingia kwa mlango wa juu.

Na kijana, hapo kwenye magurudumu umepitisha fedha kwenye raba. Panzer II ilivaa raba kwenye magurudumu yake ya chini. Raba haichubuki ikawa fedha! Ni kijivu cha vumbi tu. Palipo na fedha ya haki ni uso wa mnyororo unaokanyaga ardhi, kwa sababu unasuguliwa kila hatua. Kifaru kikisimama siku chache mnyororo unashika kahawia, kikitembea unang'aa tena. Usitumie rangi ya fedha hapo. Chukua penseli laini, 6B, uisugue kwa upande. Inatoa mng'ao wa chuma bila makelele.

Tena fikiria kipimo. Mchubuko wa milimita 3 kwenye modeli yako ni zaidi ya sentimita 10 kwenye kifaru halisi. Ile yako ya picha ya tano, ubavuni, nimeipima kwa macho: kama nusu mita. Hapo kifaru hakikuchubuka, kiligongwa na treni.

Bint Kisauni

Kaka Mpya, pole na hongera. Mie kazi yangu ni kucha na hina, na modeli nilianza kwa sababu ebrashi, ile ya kupulizia rangi kwa hewa, tayari ninayo. Wateja wakiisha naweka kifaru pale palipokuwa na vidole.

Hapa mjini adui si Rommel, ni unyevu. Ule ukungu mweupe kwenye picha yako ya tatu, wewe umedhani ni vumbi umeacha. Si vumbi. Ulipuliza vanishi siku ya mvua, sivyo? Thina ikiruka inapoza uso wa rangi, na maji yaliyomo hewani yanaganda pale kama yanavyoganda kwenye glasi ya barafu, yakanaswa ndani ya vanishi. Masika mimi sipulizi cha kopo kabisa, napaka kwa brashi. Kaskazi ndiyo nafuu, hewa ina ukavu kidogo, lakini mchana wa Februari rangi nayo inakauka hewani kabla haijafika, unapata unga badala ya rangi. Puliza asubuhi mapema. Na usisogee mbali, wala usimwage tabaka nene moja, maana rangi za magari zikilowesha polistaireni zinaila. Ndiyo maana bodi yako ya nyuma imefanya mikunjo kama ngozi ya ndovu.

Mpangilio wangu ni huu. Rangi ya akriliki kwanza. Ikikauka sawasawa, vanishi ya kung'aa, hata kama mwisho hutaki mng'ao. Stika za maji, zile alama za kifaru unazolowesha kwanza, zinakaa juu ya uso laini. Ukiziweka kwenye uso mkavu wa unga, hewa inabaki chini yake, nayo inaonekana kama magamba ya fedha kila ukigeuza taa. Vanishi tena kuzifunga. Halafu ndipo unachukua rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea, uizimue kwa tapentaini nyeupe mpaka iwe kama chai ya rangi. Gusisha ncha ya brashi kwenye ribiti, basi, usipake. Itakimbia yenyewe kuzunguka ribiti na kwenye mifereji. Ikizidi, kijiti cha pamba chenye tapentaini, unavuta kuelekea chini. Uzuri wake ni kwamba tapentaini haiigusi akriliki ya chini, kwa hiyo ukikosea unafuta unaanza tena, hata mara kumi. Mwisho vanishi isiyong'aa, kisha vumbi.

Hiyo michirizi ya Utingo ndiyo inafanyika hapo. Nukta ya rangi ya mafuta, brashi iliyolowa kidogo, unavuta chini mara moja. Kama kuvuta ua la hina, mkono usitetemeke.

Barakoa vaa, dirisha fungua. Thina si udi.

Mtu wa Tudor

Na mwenye hana ebrashi wala binamu Dubai? Nauliza kwa niaba ya wengi.

Bint Kisauni

Brashi nzuri mbili, rangi ya akriliki iliyozimuliwa, matabaka matatu membamba, subira. Vumbi: chaki ya shule unaisugua kwenye msasa, inakuwa unga. Changanya nyeupe, ya manjano na chembe ya kahawia. Mwanamke ana wanja nyumbani, huo ni moshi wa paipu ya eksozi. Sifongo ya kuoshea vyombo ukiichana, ncha yake ukaichovya rangi, ukaipangusa karibu yote kwenye karatasi, inachubua vizuri sana.

Fundi wa Msasa

Sifongo ndiyo. Naomba mwanafunzi asianze na ile ya dawa ya nywele.

Bint Kisauni

Kwa nini asianze nayo? Ndiyo inayomfaa huyu hasa! Ana kijivu chini na mchanga juu, ni historia yenyewe. Anapaka kijivu, anakifunga kwa vanishi, anapuliza dawa ya nywele mara mbili, ikikauka anapaka akriliki ya mchanga. Baada ya nusu saa analowesha kwa maji anasugua kwa brashi ngumu, mchanga unabanduka kijivu kinatokea. Sifongo inapaka picha ya mchubuko. Hii inachubua kweli.

Fundi wa Msasa

Inachubua kweli, na kwa mkono mgeni inachubua yote. Nimeona mtu amebaki na kifaru cha kijivu na machozi.

Bint Kisauni

Basi ajaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, kama mie ninavyojaribia rangi za kucha. Mzee wangu, si lazima kila mtu ateseke miaka kama ulivyoteseka wewe.

Fundi wa Msasa

Haya. Kijiko nimekikubali.

Mpya wa Majengo

Ndugu zangu, nimekawia kwa sababu mvua haikukatika. Kaka Utingo alinipigia simu, jioni moja tukakaa Changamwe kandokando ya barabara kama wehu wawili tunatazama magurudumu ya watu. Alinionyesha lori moja akasema, hili halikulala Mombasa jana. Tukamuuliza dereva, akasema kalala Maungu.

Kifaru: kuvua rangi sikutumia thina, nimeogopa isije ikaila plastiki kama ile rangi ya magari. Nimekipiga msasa wa maji, namba 1000, hasa pale penye ngozi ya ndovu. Nimekata mzinga, nimetia sindano. Vijiko nimeharibu sita. Cha saba kilitoka. Nikapaka kijivu, dawa ya nywele, kisha mchanga. Ubavu wa kulia nilisugua sana, Fundi alisema kweli. Wa kushoto umekaa vizuri, na mlangoni pa kamanda kijivu kimetokea pale tu anaposhika. Nilipokiona kimetokea niliita mtu aje aone, saa saba usiku, hakuja mtu.

Mchanga wa kukisimamisha nilichota pwani ya Nyali. Nikaugundisha kwenye ubao. Unaonekana kama kifaru kimepanda rundo la kokoto. Na baada ya siku mbili umetoa unyevu, ubao umelowa.

Fundi wa Msasa

Chembe ya milimita moja, kwa 1/35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Jangwa lako ni la makomamanga. Saga chaki, au chekecha udongo kwa kitambaa cha soksi ya nailoni. Na mchanga wa baharini una chumvi, chumvi inavuta maji. Uoshe kwa maji matamu mara nne au uutupe.

Utingo wa Zamani

Nimemletea udongo wa Voi, kopo zima. Mwekundu safi.

Tanga Reli

Kaka Utingo, zawadi nzuri, lakini kwa kifaru hiki hapana, vumbi la kule lilikuwa limepauka. Udongo wa Voi una vita vyake. Mwaka 1916 magari ya deraya ya Rolls-Royce yalikuwa upande huohuo wa Taita, wakati Waingereza wanapigana na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki. Meng, kampuni nyingine ya modeli, wanatoa Rolls-Royce ya deraya ya 1/35. Hapo ndipo kopo lako lifunguliwe.

Na kama Mpya anataka kuona chuma cha vita hivyo kwa macho, hana haja ya kusafiri. Fort Jesus pana mzinga wa Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani, ile iliyokwama delta ya Rufiji ikaangamizwa Julai 1915. Wajerumani waliing'oa mizinga yake ya sentimita 10.5 wakaitia magurudumu, wakaikokota nayo nchi kavu. Nenda na tepu ya fundi cherehani, pima kila kitu. Hapo kutu yako ya Mombasa itakuwa na haki, maana kimekaa kando ya bahari hii miaka yote.

Mpya wa Majengo

Jumapili naenda, inshallah. Nitapima.

Kifaru nimekimaliza jana. Udongo wa Voi nimeuweka kwenye mtungi wenye kifuniko, nimeandika 1916. Mama amekubali kikae kabatini katikati ya vikombe vyake vya kahawa, kwa sharti moja, askari hapana, sanamu za watu hazitaki nyumbani kwake. Kwa hiyo milango ya juu nimeifunga, kamanda ameenda kuswali. Picha nne hizo.

Bint Kisauni

Mashallah. Huyo si yuleyule!

Kejeli Tupu

Sina la kusema. Nimeudhika.

Fundi wa Msasa

Mnyororo umeuweza. Penseli, sivyo? Inaonekana.

Utingo wa Zamani

Kipo sawa kijana, nyuma umepatia. Ila picha ya nne, doa la mafuta. Ncha yake iko juu. Mafuta hayapandi mlima.

Mpya wa Majengo

Nilikishika kichwa chini nikipaka. Natafuta kijiti cha pamba.